Stika yenye uso wa mtoto wako

Uonevu wa mtandaoni kati ya watoto wa shule hapa Mombasa mara nyingi hauanzi na mtu wa mbali. Huanzia kwenye grupu la WhatsApp la darasa, na chombo chake ni stika. Mtoto anapigwa picha akisinzia, akila au akilia. Mwenzake anaukata ule uso, anautilia maneno ya kejeli, anautuma. Wa Kisauni anacheka, wa Likoni anaihifadhi, na Jumatatu asubuhi hata darasa jirani wanayo. Aliyeitengeneza hata akijuta akaifuta, waliokwisha kuihifadhi wanabaki nayo.

Mzazi huwa wa mwisho kujua, kwa sababu mtoto anajua tutakalosema: "Lete hiyo simu!" Kaonewa yeye, na anayeadhibiwa ni yeye. Basi ananyamaza, anaacha kula vizuri, kila Jumatatu tumbo linamuuma. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza hauhusu mipangilio ya simu. Mwambie mwanao mapema, kabla hakujaharibika kitu: "Ukija kuniambia, simu sikunyang'anyi." Kisha utimize, hata siku atakayokiri kwamba yeye ndiye aliyeanza kutukana. Wapo wazazi wanaotuambia huko ni kudekeza. Sisi tunaona mtoto asiyesema ndiye aliye hatarini zaidi.

Likitokea, usiingie kwenye grupu kujibizana. Ugomvi wa watoto wa Gredi ya 7 huweza kuwafikisha mama zao kutupiana maneno sokoni Kongowea, na mtoto akasahauliwa. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, tena upesi, kwani WhatsApp inamruhusu mtumaji kuufuta ujumbe kwa wote. Kisha ripoti namba hiyo humo humo (WhatsApp hupokea jumbe 5 za mwisho), ndipo uibloku. Nenda shuleni na ushahidi wako, umwone mwalimu wa ushauri nasaha.

Picha ya utupu ya mtoto ni jambo jingine kabisa. Hiyo usiipige picha ya skrini, usiihifadhi wala usimtumie mtu, hata kwa nia ya kuuliza "huyu ni wa nani?" Andika namba iliyoituma na saa, uripoti polisi. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa kutoka Marekani: hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo, mfano wa alama ya kidole, bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaharamisha unyanyasaji wa mtandaoni, nayo Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya kudhulumiwa huko. Kwa ushauri, mtoto mwenyewe au mzazi apige 116, namba ya Childline Kenya, bila malipo.

Kuhusu mipangilio, anza na moja tu: kwenye faragha ya WhatsApp, ruhusu walio kwenye orodha ya namba zake peke yao kumtia kwenye magrupu. Na TikTok na Instagram zenyewe zimeweka umri wa chini kuwa miaka 13, kwa hiyo usimsaidie wa miaka 10 kudanganya tarehe ya kuzaliwa.

Halafu tujiangalie sisi wazazi. Picha nyingine zinazogeuzwa stika hazikupigwa darasani. Zimetolewa kwenye stetasi ya mama au ya shangazi: mtoto anaoga kwenye beseni, mtoto analia siku ya kutahiriwa, mtoto na sare yenye jina la shule. Kabla hujaiweka, muulize mwenyewe. Akisema hataki, iache.