Upasuaji wa shingo ya juu: maana ya maandalizi na namna ya kuzuia madhara yake

Madaktari wanapotaja shingo ya juu wanakusudia mahali fuvu linapokalia uti wa mgongo, pamoja na pingili mbili za mwanzo kati ya pingili 7 za shingo. Pingili ya kwanza, inayoitwa atlasi, ni pete ya mfupa, nayo ndiyo inayobeba fuvu. Ya pili, aksisi, imechomoza kwa juu kijiti cha mfupa kinachofanana na jino, ambacho huingia ndani ya pete ya atlasi na kushikiliwa humo na kano moja madhubuti. Kichwa kinapogeuka, atlasi huzunguka jino hilo kama pete inavyozunguka kidoleni, na takriban nusu ya mgeuko wote wa shingo hutoka katika kiungo hicho kimoja.

Nafasi iliyomo ndani ya pete ya atlasi hugawanyika karibu mafungu matatu yaliyo sawa: theluthi moja huchukuliwa na jino la aksisi, theluthi moja na ugwe mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo, na theluthi inayobaki huwa wazi. Theluthi hiyo iliyo wazi ndiyo akiba ya mgonjwa. Jino likivunjika au kano ikilegea, pingili husogea na akiba hupungua, hadi mfupa unapoanza kuugandamiza ugwe mgongo mahali palipo karibu kabisa na sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi. Pembeni mwa pingili hizo hupita ateri mbili, yaani mishipa ya damu, ambazo hupenya matundu ya mifupa, hujipinda juu ya atlasi, kisha huingia kichwani kulisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Ndiyo sababu kosa la milimita chache, ambalo mahali pengine mwilini lingesahihishika, hapa laweza kuleta kupooza, kiharusi au kifo.

Wanaofikia upasuaji huu ni watu wa namna mbalimbali: kijana aliyeanguka na pikipiki, mzee aliyeteleza bafuni na kuvunjika jino la aksisi, mgonjwa wa baridi yabisi ambaye ugonjwa umeila kano yake kwa miaka mingi, au mtu mwenye uvimbe katika pingili. Si kila mmoja wao hupasuliwa, kwani baadhi ya mivunjiko hupona kwa kola ngumu ya shingo peke yake. Anayepasuliwa, mara nyingi hufungwa atlasi na aksisi kwa skrubu na vyuma vidogo kupitia kisogoni, kisha mfupa hupandikizwa kati yake ili pingili hizo ziungane. Jambo hili lieleweke vizuri: chuma hushikilia kwa muda tu, na kinachokamilisha kazi ni mfupa wenyewe kuota. Usipoota, chuma huchoka na kulegea, hata kama mpasuaji alifanya kazi yake bila dosari.

Kwa hiyo maandalizi hayaanzi asubuhi ya kuingia chumba cha upasuaji. Kwa mvutaji wa sigara huanza angalau wiki 4 kabla, kwa kuacha kabisa, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu na kuunyima mfupa mpya lishe yake. Na mtu asirudie sigara akishatoka wodini, maana mfupa huchukua miezi kuungana. Mwenye kisukari hutakiwa sukari yake iwe imetulia kabla ya kupangiwa siku, kwani sukari iliyopanda huchelewesha kidonda na kukaribisha maambukizi. Upungufu wa damu hutibiwa mapema, na kundi la damu hupimwa ili damu ya akiba iwepo.

Upande wa mpasuaji, kazi kubwa ni picha. CT-Scan huonyesha umbo la mfupa na MRI huonyesha hali ya ugwe mgongo, lakini picha ambayo haifai kurukwa ni ile inayoonyesha njia ya ateri zile mbili, kwa kuwa wapo watu ambao ateri ya upande mmoja imepanda juu kuliko kawaida ndani ya aksisi, kwenye njia ileile ambamo skrubu ingepita. Mpasuaji akiliona hilo mapema hubadili njia au aina ya skrubu. Mgonjwa na ndugu zake wana haki ya kuuliza kama ateri hizo zimepigwa picha, na hakuna utovu wa adabu katika swali hilo.

Dawa ndizo zinazofichwa zaidi, pengine kwa aibu, pengine kwa kudhani hazihusiki. Dawa za kuzuia damu kuganda lazima zitajwe zote: warfarin kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, na nyingine huwa na muda wake. Hata hivyo mgonjwa asizisimamishe kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa maana aliye na vali bandia ya moyo anaweza kupata kiharusi akisubiri kutibiwa shingo. Anayetumia dawa za jamii ya steroidi, kama prednisolone, kwa muda mrefu asiziache ghafla, bali amweleze daktari wa usingizi. Dawa za mitishamba nazo zitajwe, kwani baadhi huongeza utokaji wa damu.

Daktari wa usingizi ana ugumu wake wa pekee. Kwa kawaida shingo hukunjwa nyuma kidogo ili mpira wa kupumulia uingizwe, na shingo hii haikunjwi. Huenda mpira ukaingizwa kwa kamera nyembamba inayopinda, mgonjwa akiwa macho na koo lake limetiwa ganzi. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo siku moja kabla hushirikiana, na asiyeelezwa hushtuka na kutikisa shingo ileile inayolindwa. Meno yaliyolegea yatajwe, na masharti ya kufunga yafuatwe: chakula kikomeshwe muda wa saa 6 kabla ya usingizi, na maji matupu muda wa saa 2 kabla, isipokuwa hospitali iagize vinginevyo.

Kwa kuwa kisu hupita kisogoni, mtu huoga kwa sabuni na kuosha nywele, lakini hajinyoi kwa wembe nyumbani, kwani wembe huacha mikwaruzo midogo inayohifadhi vijidudu. Ikilazimu, nywele hupunguzwa kwa mashine hospitalini. Aliyesuka afumue mapema, kwa sababu kichwa hushikiliwa kwa kibano chenye pini, na ngozi ya kichwa lazima ionekane.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, na katika jaribio hilo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ni orodha hiyo inayouliza kama antibiotiki imetolewa ndani ya saa moja kabla ya kukata, na kama picha za mgonjwa huyu, si za mwingine, zimewekwa mbele ya mpasuaji.

Baada ya upasuaji, saa za kwanza huangaliwa pumzi, umezaji na nguvu za mikono na miguu. Mgonjwa hugeuzwa mwili mzima kwa pamoja kama gogo, huinuliwa atembee mapema kadiri daktari anavyoruhusu ili damu isigande miguuni, na ngozi iliyo chini ya kola hukaguliwa kila siku, hasa kidevuni na kisogoni. Ganzi ya kisogo hutokea kwa baadhi kwa sababu neva ya pale huguswa. Lakini homa, usaha, majimaji meupe kama maji yanayochuruzika kidondani, mikono inayolegea, mkojo unaogoma kutoka au pumzi inayobana ni mambo ya kurudi hospitali saa hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.

Lipo jambo moja la kukubaliwa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa. Atlasi na aksisi zikifungwa, mgeuko uliokuwa ukitoka hapo hautarudi. Dereva atalazimika kugeuza mabega ili aone nyuma, na anayeswali atatoa salamu kulia na kushoto kwa kadiri shingo inavyoruhusu. Mazungumzo hayo yafanyike kliniki, pamoja na mwanafamilia atakayemhudumia nyumbani, wakati bado kuna nafasi ya kuuliza.