Ile harufu ya dawa kwenye maji ya bomba

Masika yakianza, dawati letu la huduma kwa wateja hapa mamlaka ya maji hupokea zaidi malalamiko ya aina mbili: maji yana rangi, na maji yananuka dawa. La kwanza tunaomba mtuarifu mapema iwezekanavyo. La pili tunalipokea kwa heshima zote, lakini ieleweke kwamba harufu hafifu ya klorini ni dalili njema. Maji ya kutiliwa shaka ni yale yaliyofika kwako bila klorini hata chembe.

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru, na husafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo. Ruvu Chini peke yake una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Mvua zikinyesha Morogoro mto hushuka na tope, na tope haliondolewi na klorini. Linaondolewa na shabu, ileile inayouzwa sokoni, au dawa nyingine za jamii yake. Chembe za udongo ni ndogo mno na husukumana, ndiyo maana maji ya mto hukaa na rangi hata ukiyaacha siku nzima kwenye ndoo. Dawa huondoa kule kusukumana, chembe zikashikana na kuwa mabonge, mabonge yakazama. Yanayobaki hunaswa na vichujio vya mchanga.

Kiasi cha dawa hakikisiwi. Maabara huchukua bilauri sita za maji ya mto, lita moja kila moja, na kila bilauri hutiwa kipimo chake. Maji hukorogwa kwa kasi kama dakika moja, kisha polepole, kisha huachwa yatulie. Tunachagua bilauri iliyotuamisha vizuri kwa dawa kidogo zaidi. Iliyozidishiwa dawa huchafuka tena mara nyingi, kwa hiyo wale wanaodhani tunamwaga dawa tu ili kazi iishe wajue kwamba tungekuwa tunajiharibia wenyewe. Mvua kubwa ikinyesha kipimo hiki hurudiwa tena na tena, kwa sababu mto hubadilika ndani ya saa chache.

Klorini huja mwisho, maji yakishakuwa maangavu. Vijidudu hujificha kwenye tope, na tope lenyewe hula klorini. Kwa sababu hiyohiyo, kidonge cha klorini kama Waterguard kwenye ndoo ya maji ya matope hakikusaidii sana: chuja kwanza kwa kitambaa safi, tia kidonge kama maelezo ya pakiti yanavyosema, subiri dakika 30.

Kiasi fulani cha klorini huachwa kwa makusudi kibaki ndani ya maji, kiyalinde njiani. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita mahali mteja anapochotea, na kiwango chake cha juu ni miligramu 5. Mpimaji wetu akifika kwako atatia kidonge kidogo kwenye kichupa cha maji. Maji yakigeuka waridi, klorini ipo, na rangi ikikolea ndivyo ilivyo nyingi. Kwa kupima vijidudu atafungulia bomba maji yatiririke, ataunguza mdomo wa bomba kwa moto, atasafisha mikono yake kwa spiriti, kisha atakinga kwenye chupa iliyotakaswa yenye dawa ya kuua klorini, ili klorini isiendelee kuua vijidudu njiani tukadanganyika. Chupa huwekwa kwenye boksi la barafu na kufikishwa maabara mapema. Majibu ya bakteria wa kinyesi yanapaswa kuwa sifuri katika mililita 100.

Sasa naomba ieleweke: maji yaliyoletwa ofisini kwenye chupa ya soda hatuyapimi. Hata ukiisuuza mara kumi. Piga simu, taja namba ya akaunti, mtaa na muda ulioona tatizo, mpimaji atakuja.

Maji meupe kama maziwa, yanayoanza kung'aa kutoka chini ya glasi ukiyaweka mezani, ni hewa tu. Si dawa. Na kwamba klorini hupunguza nguvu za kiume, sijui nani alilianzisha hilo, lakini halina ushahidi na limewafanya watu wanywe maji ya visima vifupi vilivyo hatua chache kutoka chooni, eti kwa kuwa ni matamu. Kuchemsha nako kunaua vijidudu, ila hakuondoi chumvi wala madini ya floraidi. Maji yanapungua, chumvi inabaki palepale.

Matatizo mengi tunayoyakuta yako baada ya mita. Simtanki isiyooshwa na isiyofunikwa, dumu lililochotewa kwa kikombe cha kila mtu, boza lisilojulikana limejaza wapi. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa, kwa hiyo maji ya kunywa yaliyolala siku kadhaa tankini yachemshwe au yatibiwe upya.

Linalotukera zaidi ni pampu zinazofungwa moja kwa moja kwenye bomba letu. Presha ikishuka, pampu hiyo hunyonya kila kilicho nje ya bomba lililopasuka, maji ya mtaro yakiwemo, na anayeugua ni jirani. Ukitaka pampu, vuta kutoka kwenye tanki lako. Kujiunganishia maji, kuchezea mita au kuharibu miundombinu ni makosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019. Hatua ya kwanza ni kusitishiwa huduma, ya pili ni kukadiriwa na kudaiwa gharama ya maji yaliyotumika pamoja na ukarabati, na shauri linaweza kufikishwa mahakamani. Aliyefunga pampu ya namna hiyo aiondoe na aje ofisini kabla wakaguzi hawajamfikia, aelekezwe namna ya kuweka tanki.