Kopo la Pilipili na Matofaa ya Uani: Kuishi Salama Karibu na Dubu Grizili

Kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka katika mabonde ya magharibi ya Montana, jimbo la kaskazini magharibi mwa Marekani, na dubu wakaanza kutoka mapangoni, nami hurudi kwenye kazi ninayoipenda kuliko nyingine zote, yaani kuwafundisha watu kuishi jirani na dubu pasipo upande wowote kupoteza uhai. Nilisomea uhifadhi wa wanyamapori Tanzania, nchi isiyo na dubu hata mmoja wa porini, na miaka yangu ya mwanzo kazini niliimalizia kwenye mashamba ya mahindi yaliyokuwa yakivamiwa na tembo. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu tangu 2016 familia nyingi kutoka Kongo zimehamia Missoula, mji wa huku Montana, na wengi wao huniuliza swali lilelile: kwa nini mnyama wa hatari kiasi hiki anaachwa aishi karibu na watu?

Jibu linaanza na idadi. Mwanzoni mwa karne ya 19 inakadiriwa kuwa dubu grizili wapatao 50,000 waliishi magharibi mwa eneo ambalo leo ni Marekani, ukiacha Alaska. Kufikia 1975, walipoingizwa katika orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka, walikuwa wamebaki kati ya 700 na 800 tu. Leo wanakaribia 2,000, wengi wao wakiishi katika eneo la hifadhi ya Yellowstone na katika milima ya kaskazini mwa Montana. Ongezeko hilo limechukua nusu karne kwa sababu grizili ni miongoni mwa wanyama wanaozaa polepole sana: jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka mitano hivi au zaidi, hupata watoto wawili au watatu, kisha hukaa nao miaka miwili au zaidi kabla ya kubeba mimba nyingine. Kwa hiyo jike mmoja anapopigwa risasi kwa kosa lililoweza kuzuilika, pengo lake halizibiki kwa msimu mmoja.

Na mara nyingi kosa hilo ni letu. Usiku mmoja wa Agosti 1967, katika hifadhi ya Glacier, kaskazini mwa Montana, wasichana wawili wenye umri wa miaka 19 waliuawa na dubu wawili tofauti, katika sehemu mbili zilizo mbali na kila mmoja. Tangu hifadhi hiyo ianzishwe mwaka 1910, hakuna mgeni aliyekuwa amewahi kuuawa na dubu. Katika sehemu ya kwanza, mabaki ya chakula yalikuwa yakimwagwa nyuma ya nyumba ya wageni kila jioni ili watu wawatazame dubu wakija kula. Katika ya pili, dubu alikuwa ameshazoea kuzunguka kambi akitafuta takataka. Dubu aliyeonja chakula cha watu hasahau, na kadiri anavyokizoea ndivyo anavyopoteza ile hofu inayomlinda yeye na sisi.

Somo hilo Yellowstone nao walilipata kwa uchungu. Hifadhi ilifunga jaa lake la mwisho la wazi mwaka 1970, ingawa ndugu wawili watafiti, Frank na John Craighead, waliokuwa wakiwafuatilia dubu hao tangu 1959, walishauri kwamba majaa yafungwe polepole ili dubu wapate muda wa kurudia vyakula vya porini. Ushauri wao haukufuatwa, na dubu wengi waliohamia kwenye kambi na miji kutafuta chakula waliuawa. Nakubaliana na uamuzi wa kuyafunga. Nasikitishwa na haraka yake.

Huwa nasisitiza tofauti kati ya dubu aliyezoea chakula cha watu na dubu anayejihami. Mwaka 2007, karibu na Jackson Lake katika jimbo la Wyoming, mtu mmoja aliyekuwa akitembea alfajiri alimkaribia bila kujua jike aliyekuwa na watoto watatu kwenye mzoga wa elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Jike huyo, aliyejulikana kwa namba 399, alimjeruhi, lakini hakuuawa kwa kosa hilo, kwa sababu wahusika waliona kwamba alikuwa akilinda watoto wake na chakula chake kama dubu yeyote angefanya. Aliishi miaka 17 zaidi, akazaa watoto wanne kwa mkupuo mmoja mwaka 2020, na akafa kwa kugongwa na gari Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 28. Kila ninapolitaja tukio hilo namfikiria yule mtu pia, maana mambo yangekuwa tofauti laiti angekuwa akizungumza kwa sauti njiani.

Sauti ndiyo kinga ya kwanza. Mashambulizi mengi ya grizili hutokana na kushtushwa kwa karibu, kwa hiyo tembeeni watu watatu au zaidi, ongeeni, pigeni makofi kila mnapofika kwenye kona, kichaka kinene au kijito chenye kelele. Kengele ndogo zinazouzwa madukani sizipendekezi, kwani mlio wake haufiki mbali. Ukiona kunguru wengi wamekusanyika au ukisikia harufu ya uvundo, geuza njia, kwa kuwa pengine kuna mzoga na mwenye mzoga yuko karibu. Kuanzia Agosti hadi wanapoingia mapangoni dubu hula karibu mchana kutwa ili wajaze mafuta ya kuwavusha majira ya baridi, hivyo akili yao yote iko kwenye chakula na ni rahisi kukutana nao ghafla. Ukikutana naye usikimbie kamwe: grizili hufikia kasi ya kilomita 56 kwa saa.

Kinga ya pili ni kopo la pilipili ya kupulizia dubu, ambalo si lile dogo la kujikinga na wahalifu mjini. Kiini chake ni kilekile kinachouma katika pilipili zetu za jikoni. Wakulima wa Tanzania huichanganya pilipili na oili chafu wakapaka kwenye kamba za kuzuia tembo, na nilipoliona kopo hili kwa mara ya kwanza nilihisi nimekutana na mtu wa nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu matukio ya Alaska ya miaka ya 1985 hadi 2006 ulionyesha kwamba pilipili hiyo iliwafanya dubu wa kahawia, ambao grizili ni jamii yao, kuacha vitendo vya hatari katika asilimia 92 ya visa, na asilimia 98 ya watu waliokuwa na pilipili hiyo walipokutana na dubu kwa karibu hawakuumia. Bunduki huhitaji shabaha mbele ya mnyama anayekuja kwa kasi, na risasi isiyomuua humwacha dubu aliyejeruhiwa ndani ya kichaka. Aliyepuliziwa pilipili huondoka akiwa hai, na macho yake hupona.

Lakini kopo lililofungiwa ndani ya begi ni mzigo tu. Livae mkandani au kifuani, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Ng'oa kizuizi cha plastiki kwa kidole gumba, elekeza mdomo wa kopo chini kidogo, na uanze kupuliza dubu anapokuwa umbali wa mita 10 hadi 15, ili akimbilie ndani ya wingu lenyewe. Usiipulize kwenye hema wala nguo ukidhani itamfukuza, kwa sababu masalia yake huweza kumvuta.

Akikufikia kabla hujapuliza, na ni grizili anayejihami, lala kifudifudi, fumba vidole vya mikono yote miwili nyuma ya shingo, tanua miguu ili asikugeuze, na usiuvue mkoba wako wa mgongoni. Tulia hata akiondoka, mpaka uhakikishe yuko mbali. Ila dubu anayekunyemelea, au anayekuvamia ndani ya hema, mpige kwa chochote ulichonacho, hasa puani na machoni.

Nyumbani kazi ni nyingine kabisa. Matofaa yaliyoanguka uani, chakula cha mbwa kilichoachwa nje, banda la kuku lisilo na uzio wa umeme: kila kimoja ni mwaliko. Katika bonde la Blackfoot, karibu na hapa, wafugaji walianzisha utaratibu wa kuchukuliwa kwa mizoga ya ng'ombe malishoni na kupelekwa kwenye eneo la kutengenezea mboji, na ugomvi kati ya dubu na watu ukapungua sana. Wanaostahili sifa hapo ni wafugaji wenyewe, waliokubali kupiga simu badala ya kuacha mzoga uoze walipozoea kuuacha.

Mwezi uliopita niliwafundisha akina mama kadhaa kutoka Kivu kwa makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Mmoja wao aliinua mkono, akiulizia dubu mwenye watoto: "Mwalimu, na kama iko na batoto?" Nikamwambia, "Mama, hapo ndipo unarudi nyuma polepole, ukimtazama bila kumkazia macho, na kopo likiwa tayari mkononi." Mara ya kwanza kizuizi kilimshinda, kopo likamponyoka. Akaliokota, akalirudisha mkandani, akajaribu tena na tena huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Mara ya tano hawakuwahi kufika mbili kabla wingu jeupe halijatanda mbele yake.