Dishi halitafuti urefu, linatafuta anga

Imani ni ile ile, na wiki hii imerudi tena: dishi lisipokaa juu ya paa halishiki. Mpangaji anaiamini, mwenye nyumba anaiamini, na mafundi wengi wa Nakuru na Kisumu wanaiuza pamoja na boliti zao. Hapo ndipo vita huanza. Mpangaji anadai paa, mwenye nyumba hataki bati lake litobolewe, jirani anataja kibali cha kaunti, mwingine anatoa simu na kusoma sheria ya Marekani. Ploti nzima ya Free Area au Nyalenda inagombania paa ambalo halikuhitajika tangu mwanzo.

Chukua setilaiti inayotazamwa na madishi mengi ya mtaani, ile ya DStv. Imekaa digrii 36 mashariki, juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Nakuru nayo iko digrii 36 mashariki, kusini kidogo tu ya ikweta: digrii 0.3. Kisumu iko digrii 34.75, kusini kwa digrii 0.1. Maana yake setilaiti hiyo iko utosini kwetu. Ukipiga hesabu unapata mwinuko wa digrii 88.5 Kisumu na digrii 89.6 Nakuru. Sasa niambie, bomba la mita sita linakusogeza wapi katika safari ya kilomita elfu thelathini na tano? Dishi lililofungwa kwenye bomba fupi lililochimbiwa uani, lisilo na mti wala bati juu yake, linapata mawimbi sawasawa na lile la ghorofa ya saba. Linachotaka ni anga tupu juu ya kichwa chake.

Watu hudanganywa na umbo. Madishi yetu karibu yote ni ya LNB (kile kifaa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) iliyokaa pembeni, si ya katikati, kwa hiyo mawimbi hayaingii kwa kufuata uso wa dishi. Yanaingia kwa pembe iliyozidi ule uso kwa digrii ishirini na kitu. Ndiyo maana dishi linalotazama utosini huonekana limelala kama sinia iliyoegeshwa upande mmoja, na mtu huapa kwamba linatazama bati la jirani. Halitazami bati la jirani. Usikate mwembe wa mtu kwa sababu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kufungia dishi, vilivyoandikwa kwa watu wa Ulaya na Afrika Kusini, havigusi. Setilaiti ikiwa utosini, dishi unaweza kuligeuza mashariki, kaskazini au popote, ukalilaza vizuri, na bado likaikuta. Lakini ukigeuza dishi, LNB imegeuka nalo, na mawimbi haya hutikisika kwa mlalo au kwa wima, na LNB lazima ilingane nayo. Fundi aliyefunga dishi likitazama kaskazini kwa sababu ukuta ulikuwa upande huo, halafu akaiacha LNB kama alivyoizoea kwenye dishi la mashariki, amekosea kwa digrii 90. Hapo mlalo na wima vimebadilishana, chaneli zinapotea, na mwenye dishi anaambiwa "tuipandishe juu zaidi". Legeza kishikio cha LNB, izungushe polepole ukitazama kipimo cha ubora kwenye dekoda, si kipimo cha nguvu. Nguvu inaweza kusoma asilimia 80 na ubora sifuri. Na kipimo cha digrii kilichochorwa kwenye kishikio cha nyuma usikiamini sana, kwani vishikio vingine huishia kabla ya pembe tunayoitaka. Bomba likiinamishwa kidogo tatizo linaisha. Bomba lisilo wima si dhambi kwa dishi lisilohama.

Eriali ya kidijitali ni habari tofauti kabisa. Yenyewe inapokea kutoka mnara uliosimama ardhini, kwenye masafa ya UHF kuanzia megahezi 470, na kilima kikikaa katikati umekwisha. Kwa aliyeko bondeni nyuma ya kilima cha Riat, Kisumu, au kwenye mkunjo wa Menengai, Nakuru, urefu ni kila kitu. Kwa hiyo anayeomba paa kwa ajili ya eriali ana hoja. Anayeliomba kwa ajili ya dishi, mara nyingi hana. Ukivichanganya viwili hivi mbele ya mwenye nyumba umeshindwa kabla hujaanza.

Sasa roshani, maana hapa ndipo ninapochoka zaidi. Kila mwezi kuna mtu anayeleta ile "sheria ya mita moja": kwamba dishi lisilozidi mita moja, ukiliweka kwenye sehemu yako, hakuna wa kukuzuia. Sheria hiyo ipo. Ni kanuni ya tume ya mawasiliano ya Marekani, ya mwaka 1996, na inafanya kazi Marekani. Hata huko haimpi mpangaji paa la pamoja la ghorofa. Inamlinda pale tu anapopatumia peke yake, kama roshani au ua wake. Na nguzo ikizidi futi 12 juu ya paa, mamlaka za mahali zinaweza kudai kibali kwa sababu za usalama. Mtu wa Section 58, Nakuru, hawezi kuishika sheria hiyo mkononi akaenda nayo kwa mwenye nyumba.

Na hata tungekuwa nayo, roshani ya Nakuru haikusaidii kwa setilaiti iliyo utosini, kwa sababu juu ya roshani yako kuna sakafu ya roshani ya jirani. Hata kwa mwinuko wa Kisumu wa digrii 88.5, kila mita moja ya kwenda juu mawimbi yanasogea pembeni sentimita 2.6 tu. Zege la juu linafunika dishi lote kama mwavuli. Ili lione anga ni lazima mkono wa chuma ulitoe dishi zima nje ya ukingo wa zege: kwa dishi la sentimita 60, nusu mita au zaidi kutoka ukingoni. Ukifanya hivyo, dishi limetoka kwenye sehemu yako na kuning'inia juu ya ua wa wote, au juu ya njia ya watu. Likiwa juu ya barabara ya umma, hapo kaunti ina sauti ya haki kabisa, na likianguka mzigo ni wako. Dishi la sentimita 90 likipigwa usoni na upepo wa mita 30 kwa sekunde linasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40 na kitu. Boliti mbili ndani ya tofali tupu za saruji haziwezi. Weka nne, za milimita 10, kwenye nguzo ya zege au kwenye ukuta wa mawe, kamwe si kwenye plasta.

Linganisha na Azam, ambayo setilaiti yake iko digrii 7 mashariki. Kwetu sisi hiyo iko upande wa magharibi, mwinuko digrii 56 hadi 58. Roshani inayotazama machweo inaiona bila shida: dishi likae karibu na kizuizi cha mbele, mawimbi yatapita chini ya zege la juu. Nyumba moja, roshani moja, dishi moja linakubali na jingine linakataa. Kabla hujagombana na mtu yeyote, uliza setilaiti iko wapi.

Turudi kwenye ruhusa. Swali la kwanza si la kaunti, ni la mwenye paa. Kama umepanga, paa ni la mwenye nyumba, na ukuta wa nje pia. Kama umenunua nyumba kwenye ghorofa chini ya Sheria ya Sehemu za Majengo ya 2020, paa ni mali ya pamoja na linasimamiwa na shirika la wenye nyumba kwa kanuni zao. Hati yako haikupi haki ya kulitoboa. Ziombe hizo kanuni kwa maandishi. Suluhisho la maana ni dishi moja kubwa, LNB ya matundu manne, na swichi ya kugawa nyumba kwa nyumba. Ghorofa yenye madishi ishirini na nne juu ya bati moja inavuja, hilo halina ubishi.

Ndiyo maana mimi nipo upande wa mwenye nyumba kuhusu bati. Bati la geji 30 ni jembamba, na fundi mwenye haraka hutoboa kwenye mfereji, mahali maji yanapopita. Kama ni lazima, tundu liwe kwenye mgongo wa bati, boliti iingie kwenye mbao ya chini na si kwenye bati peke yake, iwe na kikombe cha chuma na raba, na silikoni iwekwe kabla ya kukaza, si baada. Bora zaidi ni kufunga kwenye ukuta wa pembeni chini ya kenchi, mradi ukingo wa bati usilifunike.

Kwa kaunti: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha uendelezaji kabla ya shughuli ya ujenzi au uhandisi juu ya ardhi, na adhabu yake inafika shilingi 500,000 au kifungo cha miezi miwili. Maneno yake ni mapana. Kwa usomaji wangu, dishi lililofungwa ukutani kwa boliti nne si ujenzi, kama vile kamba ya kuanikia nguo si ujenzi. Nguzo yenye msingi wa zege na nyaya za kuishikilia ni ujenzi, hata ikiwa uani kwako. Katikati ya hayo mawili kuna eneo la kijivu, na sitajifanya kwamba mstari ni wazi: bomba la mita tano juu ya paa ofisa mmoja ataliacha na mwingine ataliandikia notisi. Kanjo, yaani askari wa kaunti, akikudai ada, mwombe kwa heshima akuonyeshe kipengele katika Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo. Minara ya simu ina ada zake. Dishi la nyumbani si mnara.

Mamlaka ya Mawasiliano haidai leseni ya masafa kwa kupokea televisheni. Inahusika na anayerusha: redio ya ridhaa, ile ya wapenzi wa redio, yenye jina la wito linaloanza na 5Z4 inahitaji leseni, na vile vipaza vya mawimbi ya simu vya kununua mtandaoni usivifunge kiholela. Starlink, ile intaneti ya setilaiti, inarusha pia, lakini leseni ya kutoa huduma ni ya kampuni. Shida yake ni nyingine: setilaiti zake zinapita, hazikai, kwa hiyo inataka anga pana, na mkaratusi mmoja tu unaikata kila baada ya dakika chache. Hapo paa lina maana.

Kisumu ina jambo moja zaidi. Karibu na uwanja wa ndege, urefu si wa kujiamulia. Kwa viwango vya kimataifa, kwenye njia ya ndege kutua, mpaka wa urefu huanza mita 60 kutoka mwisho wa barabara ya kurukia na kupanda asilimia 2. Umbali wa mita 500 unakupa chini ya mita 9. Nyumba ya mita 4 na bomba la mita 6 imeshapita. Mita 1,000 inakupa karibu 19, na hesabu inaanzia usawa wa uwanja, si usawa wa ua wako, kwa hiyo ardhi inayopanda inakula sehemu yako. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo ya kuulizwa, kabla ya bomba.

Nyaya za umeme hazina mjadala. Bomba lisimame mbali na waya kuliko urefu wake wote, ili hata likianguka lisiufikie, na hiyo ni pamoja na wakati wa kulisimamisha, ambapo ndipo watu hufa.

Mwisho radi, maana kutoka Kisii hadi Kakamega hatuchezi nayo. Viwango vya kimataifa vinasamehe dishi lililo zaidi ya mita 2 chini ya ukingo wa paa na lisilotoka zaidi ya mita 1.5 kutoka ukutani. Sababu nyingine ya kulishusha. Lililo juu linahitaji waya wa athi (wa kupeleka umeme ardhini) wa shaba wa milimita 16 za mraba, unaonyooka hadi chini bila kukunjwa, na uunganishwe na athi ya nyumba. Fimbo ya peke yake isiyounganishwa na athi ya nyumba ni hatari, kwa sababu radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya athi mbili inapita ndani ya dekoda. Hata ukifanya yote, radi ikilipiga dishi lenyewe sina ahadi ya kukupa. Athi huokoa nyumba na watu kuliko inavyookoa vifaa. Wingu likianza kunguruma upande wa Nandi alasiri, chomoa waya wa dishi nyuma ya dekoda, si plagi ya umeme peke yake.