Maana ya mita: kipimo kisicho na bwana

Mita haikuanzia sokoni wala haikurithiwa kutoka kwa mababu. Ilitungwa kwa sheria. Mwezi Machi 1791 Bunge la Taifa la Ufaransa liliamua kwamba nchi itakuwa na kipimo kipya cha urefu, likakieleza hivi: uchukuliwe umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, ugawanywe kwa milioni kumi, na sehemu moja ndiyo iwe kipimo. Urefu kamili wa sehemu hiyo hakuna aliyeujua siku ile. Ilibidi watu waende kuupima.

Leo mita ni neno la fundi cherehani na la mkandarasi wa barabara, na hakuna anayeihesabu kuwa jambo la siasa. Katika miaka ile ilikuwa siasa tupu, na ukitaka kuielewa usianzie kwenye rula. Anzia kwenye nafaka.

Ufaransa ya kabla ya Mapinduzi ya 1789 ilikuwa na majina ya vipimo yapatayo 800, na jina moja halikuwa na maana moja. Kitambaa kilipimwa kwa aune, na aune ya mji huu haikuwa sawa na ya mji wa pili. Nafaka ilipimwa kwa boisseau, chombo cha mbao ambacho ukubwa wake ulibadilika ukivuka mto tu. Mwingereza Arthur Young, mwandishi wa mambo ya kilimo aliyezunguka nchi hiyo kati ya 1787 na 1789, alilalamika kwamba vipimo vilitofautiana karibu kila wilaya na kila mji.

Kwa msafiri hiyo ilikuwa kero. Kwa mkulima ilikuwa njaa. Sehemu nyingi haki ya kutunza kipimo ilikuwa ya kabaila wa eneo, na kabaila huyohuyo ndiye aliyelipwa ushuru wa nafaka kila mavuno. Mwenye kupokea ndiye aliyeshika chombo. Hata chombo kisipobadilika ukubwa, kulikuwa na namna ya kukijaza: kibaba cha mfuto si sawa na kibaba cha tele. Nafaka ikimiminwa kutoka juu hushindiliana, ikiachwa na kilele huzidi, na ikifutwa kwa ubao hupungua. Kabaila akitaka kupokea alidai tele. Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu lumbesa ni mchezo uleule: bei ni ya gunia moja, lakini juu yake kumeshonwa kilemba cha viazi ambacho mkulima halipwi.

Mwanzoni mwa 1789, Mfalme Louis wa 16 alipoitisha Baraza la Matabaka, wananchi wa kila pembe waliandika madaftari ya malalamiko. Kilio cha vipimo kimo katika mengi ya madaftari hayo, na kimojawapo cha viitikio vyake ni: mfalme mmoja, sheria moja, uzito mmoja, kipimo kimoja. Mfalme bado alikuwamo. Watu hawakuwa wakiomba dunia mpya. Walitaka mfalme awaokoe na kabaila. Lakini mambo yalikwenda haraka. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 Bunge lilitangaza kufuta haki za kikabaila, na mamlaka ya kabaila juu ya vipimo yakaenda na mkumbo huo.

Sasa kipimo hakikuwa na mwenyewe. Akabidhiwe nani?

Jibu jepesi lilikuwapo. Paris ilikuwa na kipimo chake, toise, chenye karibu mita 1.95 kwa hesabu ya leo, na chuma cha mfano wake kilikuwa kimefungwa katika jengo la Châtelet tangu karne ya 17. Bunge lingeweza kuagiza nchi nzima itumie toise ya Paris na kazi ikaisha. Kwa maoni yangu hilo lingetosha kabisa kama shida ingekuwa biashara tu. Lakini toise iligawanywa kwa futi, na futi hiyo iliitwa mguu wa mfalme. Kuwatoa watu kwenye kipimo cha kabaila na kuwaingiza kwenye mguu wa mfalme, katika mwaka ambao mfalme mwenyewe ananyang'anywa mamlaka, kungekuwa kumbadilisha bwana tu. Wanamapinduzi walitaka kipimo ambacho hakuna mtu wala mji unaoweza kusema: hiki changu. Basi wakakitafuta katika maumbile.

Pendekezo la kwanza lilikuwa pendulamu, yaani kitu kizito kinachoning'inia na kubembea. Mwezi Machi 1790 Talleyrand, askofu wa Autun na mbunge, alishauri kipimo kiwe urefu wa pendulamu ambayo kila upande wa mbembeo wake unachukua sekunde moja. Thomas Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikuwa akiandalia Bunge la nchi yake mpango unaofanana na huo. Kasoro ya pendulamu ilikuwa imeshajulikana zaidi ya miaka 100: mwaka 1672 Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na ikweta, akakuta inachelewa. Nguvu ya uvutano haifanani kila mahali. Kwa hiyo lazima uchague latitudo, yaani digrii za mahali kutoka ikweta, na kuchagua latitudo ni kuchagua nchi. Jefferson alikuwa ameanza na 38, akakubali kuhamia 45 ya Wafaransa ili waende pamoja.

Kisha Akademia ya Sayansi ya Paris ikageuza meza. Kamati yake ya wataalamu watano, Borda, Lagrange, Laplace, Monge na Condorcet, ilisema Machi 1791 kwamba pendulamu iachwe na ipimwe dunia yenyewe. Hoja yao ilikuwa kwamba sekunde ni mgawanyo wa saa uliotungwa na watu, ilhali dunia ni ya wote. Hoja nzuri, ingawa wapo walionong'ona hata wakati ule kwamba wanasayansi walikuwa wakijitafutia safari kubwa kwa fedha za umma. Borda alikuwa amebuni kifaa kipya cha kupimia pembe, na hapakuwa na kazi ya kukionyesha vizuri kuliko hii. Nami siwezi kuwalaumu sana walionong'ona.

Kupima robo nzima ya mzingo wa dunia haiwezekani, kwa sababu ncha ni barafu. Unachofanya ni kupima kipande cha mstari wa kaskazini hadi kusini, kuangalia nyota ili kujua kipande hicho kina digrii ngapi, halafu kuzidisha. Kipande kilichochaguliwa kilitoka Dunkerque, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, hadi Barcelona, Hispania, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Kilikuwa na sifa mbili: ncha zake zote zipo usawa wa bahari, na latitudo 45 imo ndani yake. Jefferson alipoona hayo alijitoa. Kipimo kilichosemwa ni cha mataifa yote, alilalamika, kinaweza kuhakikiwa katika ardhi ya Ufaransa peke yake. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Kazi ilipewa wanafalaki wawili. Delambre alishika upande wa kaskazini, kutoka Dunkerque hadi Rodez. Méchain alishika wa kusini, kutoka Rodez hadi Barcelona. Hawakuburuta mnyororo nchi nzima. Walipima kwa pembetatu: unapanda juu ya mnara wa kanisa au kilele cha mlima, unalenga vilele vingine viwili, unaandika pembe, unahamia kilele kinachofuata. Ukiwa na pembe zote na ukijua urefu wa upande mmoja tu, hesabu inakupa pande nyingine. Huo upande mmoja ndio unaopimwa chini, kwa mafimbo ya platini yaliyolazwa moja baada ya jingine. Wa kwanza ulikuwa karibu na Melun na wa kuhakikisha karibu na Perpignan, kila mmoja kama kilomita 12.

Waliondoka Paris mwezi Juni 1792. Mwezi Agosti utawala wa kifalme ukaanguka. Hebu fikiria mtu anayepanda minara ya makanisa na darubini, ana barua za ruhusa zenye jina la mfalme, wakati majeshi ya Prussia yanaingia nchini. Delambre alikamatwa zaidi ya mara moja, na huko Saint-Denis alilazimika kuutandazia umati vifaa vyake uwanjani na kuwaeleza kila kimoja kinafanya nini. Vitambaa vyeupe alivyotundika kama alama vilizua shaka, maana nyeupe ilikuwa rangi ya wafalme. Kwingine ilibidi ashonee nyekundu na bluu ili viwe bendera ya jamhuri. Mwezi Desemba 1793 Kamati ya Usalama wa Umma ilimfukuza kazini pamoja na Borda, Laplace, Lavoisier na wengine, ikisema kazi za serikali wapewe tu wanaoaminika kwa uadilifu wao wa kijamhuri na chuki yao kwa wafalme. Akademia yenyewe ilikuwa imeshafungwa mwezi Agosti. Condorcet alifia kizuizini Machi 1794. Lavoisier, aliyekuwa amepima uzito wa maji kwa ajili ya kilogramu, alikatwa kichwa Mei mwaka huo, kwa kosa la kuwa mkusanya kodi wa utawala wa zamani. Delambre alirudishwa kazini 1795.

Méchain alikwama Barcelona, kwa sababu Ufaransa na Hispania ziliingia vitani Machi 1793. Alipopima latitudo ya mji kutoka sehemu mbili tofauti, ngome ya Montjuïc na nyumba ya wageni aliyokaa, majibu hayakulingana. Tofauti ilikuwa kama sekunde tatu za pembe, yaani karibu mita 90 ardhini. Hakumwambia mtu. Alilibeba jambo hilo hadi kifo chake mwaka 1804, akiwa amerudi Hispania kupima zaidi, na Delambre aliligundua katika madaftari ya marehemu. Wataalamu wa baadaye walikielekezea kidole kifaa zaidi kuliko mpimaji.

Mapinduzi hayakuwasubiri. Mwaka 1793 Bunge lilitangaza mita ya muda kwa kutumia vipimo vya dunia vilivyochukuliwa 1740, na sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 ikaweka majina tunayoyajua: mita, lita, gramu. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mfumo, na wengi hawauoni kwa sababu wameuzoea. Lita ni mchemraba wenye upande wa sehemu ya kumi ya mita. Gramu ni uzito wa maji yanayojaza mchemraba wa sentimita moja. Ukiwa na mita mkononi, vingine vyote unaweza kuvitengeneza, na kila hatua ni kumi. Hesabu iliyokuwa siri ya karani wa kabaila ikawa ya mtoto wa shule.

Wajumbe kutoka nchi rafiki wa Ufaransa walialikwa Paris mwaka 1798 kukagua hesabu, na tarehe 22 Juni 1799 kipande cha platini chenye urefu wa mita moja kikawekwa katika hifadhi ya nyaraka za taifa. Kilikuwa kifupi kwa takriban milimita 0.2. Sehemu kubwa ya kosa ilitokana na dunia, ambayo haikuwa na umbo safi kama walivyodhani. Robo ya mzingo wake ni kilomita 10,002 hivi, si 10,000.

Wananchi waliolilia kipimo kimoja hawakukipokea kwa shangwe. Waliomba boisseau ya haki, wakaletewa majina ya Kigiriki na Kilatini. Serikali ilichapisha majedwali na kuweka mita za marumaru katika kuta za Paris ili watu wazizoee. Moja ingali katika barabara ya Vaugirard. Mpango wa siku yenye saa kumi, kila saa dakika mia, ulikuwa umeshindwa mapema, na kalenda ya wiki ya siku kumi ilifutwa tangu 1 Januari 1806. Mwaka 1812 Napoleon mwenyewe alirudisha majina ya zamani madukani. Mita ikawa lazima tena Ufaransa kuanzia 1 Januari 1840, karibu nusu karne baada ya Bunge kuiamuru. Afrika Mashariki ilihamia rasmi kwenye mfumo huo baada ya uhuru, na pishi na debe bado vinapima sokoni.

Na Marekani? Mwaka 1794 Ufaransa ilimtuma mwanasayansi Joseph Dombey apeleke mifano ya mita na kilogramu Philadelphia. Dhoruba ilisukuma meli yake hadi Karibi, maharamia wenye kibali cha Waingereza wakamteka, naye akafia kizuizini katika kisiwa cha Montserrat. Nchi hiyo haijailazimisha mita hadi leo. Hata hivyo inchi yake, tangu 1959, haina maana ya peke yake kisheria: ni milimita 25.4 kamili.