Lithiamu Si Jiwe: Tunayodanganyana Kuhusu Betri za Kurunzi Kali

Hapa Mombasa betri ya kurunzi tumeizoea kwa jina la jiwe, na jina hilo ndilo linalotuponza. Jiwe halina makuu. Unalitia, linawaka. Likichoka unaling'ata kidogo, au unalianika juu ya bati, linakupa usiku mmoja zaidi, kisha unalitupa. Lakini kurunzi za siku hizi, zile unazosimama nazo Likoni ukamulika ng'ambo kisiwani, hazitumii mawe. Zinatumia lithiamu-ioni, na hiyo ina tabia zake. Mimi nazitumia kwenda mwambani usiku wakati wa bamvua, maji yakishatoka, na kila ninayekutana naye huko ana lake la kunifunza kuhusu betri. Mengi si kweli.

"Tazama namba. Ikiwa kubwa, ndiyo nzuri."

Huu ndio uongo wenye wateja wengi zaidi. Betri nyingi za kurunzi hizi huandikwa 18650: unene milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho kuonyesha ni ya mviringo. Katika umbo hilo kampuni kubwa kama Panasonic, Samsung na LG zimefikia takriban mAh 3,500 (mAh ndiyo kipimo cha akiba ya umeme). Ile nene zaidi, 21700, hufika kama 5,000. Sasa pembeni mwa barabara unauziwa 18650 iliyoandikwa 9,900, kwa bei ya mahamri na mbaazi za watu wawili. Waliofanya utafiti miaka yote hiyo ni wajinga, ila huyu wa kwenye meza ya mbao ndiye aliyevumbua?

Nilizinunua hata hivyo, mbili, za buluu. Usiku wa kwanza ziliniacha gizani kabla sijatoka mwambani. Kesho yake nikampelekea mzee mmoja sonara aniwekee kwenye mzani wake wa dhahabu. Gramu 31. Akaweka na ile ya Samsung niliyokuwa nayo zamani: gramu 48. Mzee akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, hii umetiliwa shaba." 18650 ya kweli huwa baina ya gramu 44 na 50 hivi, kwa hiyo mzani wa muuza bizari unatosha kukuokoa. Ndani ya feki kama hizo watu wamekuta betri ndogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga. Usiifungue kuhakikisha, amini mzani.

Na hata namba ikiwa ya kweli, haijasema yote. Kurunzi kali inataka ampea, yaani kasi ya kutoa umeme, si akiba peke yake. Samsung 35E ina mAh 3,500 lakini kipimo chake ni ampea 8 mfululizo. Samsung 30Q ina 3,000 tu, na inatoa 15. Kurunzi ikivuta ampea 12, hiyo yenye namba ndogo ndiyo salama. Nyingine italazimishwa, itapata moto, na ajali nyingi za lithiamu huanza na joto. Soma karatasi ya kurunzi yako kwanza, ujue inavuta ngapi, ndipo uende dukani. (Karatasi ikikwambia lumeni, yaani kipimo cha mwanga, 100,000, itupe. Taa nzuri za LED hutoa kama lumeni 100 kwa wati moja, kwa hiyo hizo ni wati 1,000, za pasi ya nguo. Nani amewahi kupiga pasi kwa betri ya ukubwa wa kidole?)

"Nimenunua yenye ulinzi, sina wasiwasi."

Zipo betri zenye kisahani kidogo cha saketi upande wa chini. Kisahani hicho hukata umeme betri ikichajiwa kupita kiasi, ikimalizwa mno au ikipigwa shoti. Kwa mgeni wa mambo haya, ndizo ninazomshauri, akumbuke tu kwamba kisahani huongeza urefu wa milimita kadhaa na baadhi ya kurunzi hazifungi.

Lakini ulinzi huo hauna habari na ngozi. Itazame betri kwa karibu: ile plastiki nyembamba ya rangi ndiyo ngozi yake, na bati lote lililo chini yake, mpaka mabegani karibu na kichwa cha chanya, ni hasi. Baina ya viwili hivyo pana upenyo mdogo tu. Ngozi ikichanika pale kichwani, chuma chochote kikigusa kote kuwili ni shoti. Jamaa yangu aliitia betri mfuko wa kanzu pamoja na funguo za nyumba, na ikabidi avue kanzu barabarani. Alipona na alama pajani. Kiboksi cha plastiki cha kubebea kingemgharimu shilingi chache. Betri yenye ngozi iliyochanika ivalishwe mpya au iache kazi.

"Tia mpya moja na ya zamani moja, zitasaidiana."

Kwa mawe tulifanya hivyo sana. Katika kurunzi ya betri mbili zilizofuatana, umeme unaopita ni ule ule kwa zote. Ile dhaifu ikimalizika, yenye nguvu haiisubiri. Huendelea kuusukuma umeme ndani yake mpaka volti zishuke chini ya sifuri, chanya igeuke hasi. Hapo ndani mambo huharibika, na betri inaweza kupasuka kwenye bomba la chuma ulilolishika mkononi. Zile fupi za CR123A, volti 3, zimewahi kulipuka ndani ya kurunzi kwa njia hii. Hizo hazichajiwi kamwe, usizichanganye na 16340 za kuchajiwa zinazofanana nazo. Ukinunua mbili, zinunue pamoja, zichaji pamoja, zizeeke pamoja. Mimi nimezipiga alama kwa wino, kama mapacha.

"Ikifa, ianike juani."

Jiwe likipata joto huchangamka kidogo, hilo ni kweli. Lithiamu joto huiua, na bati la saa saba mchana hapa kwetu huwezi hata kulishika. Ikikaa imeisha mno kwa muda, shaba ya ndani huweza kuyeyuka, na ukiichaji tena huganda pasipo pake na kuzaa shoti humo humo ndani. Fundi anayesema ataishtua iamke anaweza kweli kuiamsha. Swali ni itakulalia wapi.

"Chaja ni chaja."

Hapana. Lithiamu hujazwa mpaka volti 4.2 na kusimama. Ikishatolewa, ipime kwa mita ya fundi yeyote: ikisoma 4.3, chaja hiyo si ya kwako tena. Usiiache ikichaji usiku kitandani. Na habari ya kuimaliza kabisa kabla ya kuchaji ilikuwa ya betri za zamani za nikeli-kadimiamu, haituhusu. Jambo moja zaidi: 14500 ina ukubwa wa jiwe dogo la AA lakini ina volti 3.7, na kurunzi iliyotengenezewa 1.5 itaungua.

"Ikigusa maji italipuka."

Hiyo ni lithiamu yenyewe ya chuma, siyo hii. Betri ya lithiamu-ioni ikiwaka, maji mengi ndiyo ya kuipoza, nawe ukae mbali na moshi wake, ni sumu. Maji ya bahari yana hatari nyingine: chumvi hupitisha umeme na hula chuma. Nikirudi mwambani naisuuza kurunzi kwa maji ya mtungi ikiwa bado imefungwa, kisha naukagua ule mpira wa duara shingoni. Betri iliyokunywa maji ya bahari naitoa, nazifunga ncha zake selotepu, naiweka uani kwenye mkebe wa mchanga. Jaani haiendi, maana takataka zetu huchomwa moto.