Mapanga ya Turbini Yakichakaa, Umeme Hupungua

Turbini ya upepo ukiitazama kwa mbali utadhani inazunguka polepole. Kumbe katika mitambo mikubwa ncha ya panga hukata hewa kwa mita 80 hadi 90 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 300 kwa saa. Kwa kasi hiyo hata tone la mvua ni pigo.

Sehemu inayoumia zaidi ni ukingo wa mbele, hasa theluthi ya mwisho kuelekea nchani. Mvua, mvua ya mawe na mchanga huupiga mwaka hadi mwaka. Rangi huanza kukwaruzika, vishimo hutokea, kisha tabaka la juu hubanduka na kuacha wazi nyuzi za kioo zilizoliunda panga. Na theluthi hiyohiyo ndiyo inayofagia zaidi ya nusu ya duara lote la rota, yaani mapanga yote yanayozunguka pamoja, kwa hiyo jeraha linakaa pale ambapo upepo mwingi huvunwa.

Panga huzungushwa na nguvu ya kunyanyua, ileile inayoibeba ndege angani. Hewa inapotambaa kwa utulivu juu ya uso laini, nguvu hiyo huwa kubwa na ukinzani huwa mdogo. Ukwaruzo mdogo tu huivuruga hewa mapema: ukinzani hupanda, nguvu ya kunyanyua hushuka. Makadirio mengi huweka hasara kwenye asilimia chache za umeme wa mwaka. Zisidharauliwe. Turbini ya megawati 3 inayozalisha wastani wa asilimia 35 ya uwezo wake hutoa kama megawati-saa 9,200 kwa mwaka. Asilimia 3 ya hizo ni megawati-saa 276, kwa turbini moja.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hasara hii hujificha. Upepo ukiwa mkali, mtambo wa kisasa hufikia uwezo wake wote hata mapanga yakiwa yamechakaa, na msimamizi huona kila kitu ni shwari. Upungufu huonekana kwenye upepo wa wastani, kwa hiyo linganisha umeme na kasi ya upepo huo, mwaka kwa mwaka, ukizingatia pia uzito wa hewa, maana hewa nyepesi hutoa umeme mdogo kwa kasi ileile.

Uchafu nao si mchezo. Mwaka 2001 Gustave Corten na Herman Veldkamp waliandika katika jarida la Nature kwamba wadudu walioganda kwenye mapanga wanaweza kupunguza nguvu ya turbini kwa nusu. Ila wadudu huoshwa na mvua, vishimo havioshwi.

Kinga zipo: utepe au rangi ya poliyurethani (aina ya plastiki) kwenye ukingo, na kupunguza kasi ya rota mvua kubwa inaponyesha. Utepe ubandikwe kwa uangalifu, maana ncha yake ikiinuka huivuruga hewa vilevile. Piga picha za droni kila mwaka na urekebishe vishimo vikiwa bado kwenye rangi, kabla nyuzi hazijaguswa, kwani zikishaharibika kazi huwa kubwa na turbini husimama muda mrefu zaidi.